Nyota zikitoka kama punje za mchele: kusaka chanzo cha picha mbovu za nebula na galaksi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kamera ya kubadilisha lenzi, stendi ya miguu mitatu na traka ndogo ya kufuata nyota. Ameshakesha usiku mmoja au miwili akilenga Nebula ya Carina au fungunyota la Omega Centauri, asubuhi akafungua kompyuta na kukuta uchafu. Vifaa vyangu mwenyewe si vya kutamba: kamera ya zamani yenye pikseli za mikroni 3.9, lenzi ya milimita 135, na traka inayobeba vyote viwili kwa shida. Napiga picha Dodoma na, nikipata usafiri, shambani kwa shemeji upande wa Kongwa. Kwa hiyo mengi ya humu yanatazamwa kutoka nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mahali ambapo nusu ya ushauri wa watu wa Ulaya na Marekani haufanyi kazi.

Kabla hujagusa chochote

Fungua picha moja ghafi, yaani RAW ya peke yake, si ile iliyokwisha kurundikwa, yaani picha nyingi zilizounganishwa kuwa moja. Ikuze hadi asilimia 100. Tazama katikati, kisha kona zote nne. Halafu fungua picha ya kwanza ya usiku ule na ya mwisho, uziweke sambamba.

Nasisitiza hili kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wote niliupoteza kwa kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Naona nyota mbaya, nagusa fokasi, napunguza muda wa shata, nasogeza stendi. Picha inatengemaa, nafurahi, na sijui ni kipi kilichoponya. Juma linalofuata ugonjwa unarudi na dawa siikumbuki. Badilisha kitu kimoja, piga picha mbili, tazama.

Umbo la nyota ndilo linalotaja mgonjwa ni nani:

- Zimerefuka kuelekea upande mmoja, katikati na konani sawasawa: traka, upepo au stendi.
- Katikati ni duara safi ila konani zinavutwa kwenda nje kama ndege waliotimuliwa: lenzi yenyewe.
- Kona moja au upande mmoja tu ndio mbovu: kamera haijakaa wima nyuma ya lenzi.
- Zimepinda kama zimefagiliwa kuizunguka nukta moja: uwanja wa picha unazunguka.
- Ni duara lakini nono: fokasi, umande, au wingu jembamba usiloliona kwa macho.

Nyota ndefu, picha nzima

Hapa ndipo wengi tunapolala njaa, basi tukae kidogo.

Anga huonekana kuzunguka kwa sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa. Sekunde moja ya tao ni digrii igawanywe mara 3,600. Lenzi ya milimita 135 kwenye pikseli za mikroni 3.9 inakupa kama sekunde 6 za tao kwa kila pikseli. Hesabu yake ni 206 zidisha ukubwa wa pikseli, gawanya kwa urefu wa fokasi. Maana yake ni kwamba bila traka, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, inahama pikseli mbili na nusu kila sekunde. Traka ipo kuimeza hiyo. Ikishindwa, jua kwanza imeshindwa upande gani.

Fanya hivi: zima traka, piga picha ya sekunde 30. Mistari itakayotokea inakuchorea mashariki na magharibi ndani ya fremu yako. Sasa iwashe, piga ya dakika 2, zilinganishe. Kama punje zako za mchele zinalala kwenye mstari ule ule, kosa liko katika mwendo wa traka. Kama zinaukata mstari kama msalaba, mhimili wa traka haujalenga ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Dakika tatu za kazi hii zimeniokolea usiku mwingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

*Zinalala na mstari.* Anza na swichi. Traka nyingi zina swichi ya N na S, kwa maana ya nusu ya dunia uliyopo. Ikikaa N ilhali umelenga mhimili kusini, traka inazunguka kinyume na anga. Dalili yake haina mfano: mistari ni mirefu maradufu ya ile unayoipata traka ikiwa imezimwa. Usiku wangu wa kwanza Kongwa nilikaza kila skrubu iliyokuwa inakazika, nikabadili betri, nikailaumu gia, nikamlaumu na muuzaji. Ilikuwa swichi. Traka ilitoka kiwandani ikiwa N, nami nikaitoa kwenye boksi na kuipandisha kwenye stendi bila kuitazama ubavuni.

Swichi ikiwa sawa, tazama umeme. Pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo sana. Zinadhani simu imejaa. Traka ndogo huvuta kidogo kweli. Ukiona picha ya 1 hadi ya 11 nzuri, na kuanzia ya 12 zote ni mistari, usitafute mchawi, iguse pawabenki. Dawa ni ile yenye mfumo wa kuhudumia vifaa vidogo, au kuchomeka na kitu kingine juu yake, kama mkanda wa kupasha lenzi, ili mzigo uongezeke. Betri za kawaida za tochi hazina ujanja huo, ndiyo maana mimi nimerudi kwazo.

Kama ubaya unakuja na kuondoka kwa mpigo, picha tatu nzuri, tatu mbovu, tatu nzuri tena, hiyo ni gia. Traka yenye gurudumu la meno 144 huzungusha skrubu yake mara moja kila dakika 10, na kila mzunguko unarudia dosari zile zile. Huwezi kuitibu shambani. Punguza muda wa shata, tupa picha mbovu, na acha upande wa mashariki uwe mzito kidogo kuliko wa magharibi ili meno yakae yamegandamana badala ya kuchezacheza.

*Zinaukata mstari.* Karibu ikweta. Kule kaskazini mtu anachungulia nyota ya Kutubu kwenye tundu la traka na kazi imeisha. Kwetu Kutubu iko chini ya upeo wa macho. Upande wa kusini kuna Sigma Octantis, kama digrii moja hivi kutoka kwenye ncha, lakini ni nyota hafifu ya daraja la 5.4, na kutoka Dodoma inakaa chini kabisa, kama nyuzi 6 juu ya upeo. Nuru yake inapita katika hewa nene karibu mara tisa kuliko ya utosini, ukiongeza vumbi na moshi wa jikoni kwa jirani. Sijawahi kuiona kwenye tundu la traka, na nimeacha kujaribu.

Badala yake kwanza pata makadirio. Weka mhimili kwenye latitudo yako kwa kutumia kipimo cha mwinuko cha simu: Tanga 5.1, Dodoma 6.2, Dar es Salaam 6.8, Iringa 7.8, Mbeya 8.9. Nairobi ni 1.3 tu, mhimili unalala kama mtu kitandani. Bezi nyingine za traka na za darubini haziteremki kufika huko, au chuma cha kusawazishia mzigo kinagonga mguu wa stendi. Watu hufupisha mguu mmoja ili stendi nzima iinamie upande unaotakiwa. Inafanya kazi, ila ning'iniza dumu la maji katikati ya stendi kabla hujaiacha peke yake.

Kusini utaipata kwa Salibu, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Likisimama wima, Gacrux juu na Acrux chini, shuka moja kwa moja kutoka Acrux hadi kwenye upeo: hapo ndipo kusini. Katikati ya Mei husimama hivyo kama saa tatu na nusu usiku, na kila mwezi unaopita huwahi kwa saa mbili. Mimi naliamini Salibu kuliko dira ya simu, kwa sababu simu ikikaribia chuma cha stendi inakuelekeza kwa shangazi yako.

Makadirio hayo yatakuacha na kosa la digrii moja hivi, na digrii moja inaweza kuisogeza nyota sekunde 16 za tao kwa dakika. Kwenye lenzi yangu ni karibu pikseli tatu. Kwa shata ya sekunde 20 huioni. Kwa dakika 2 tayari ni mchele. Kinachofuata ni kusahihisha kwa mtelezo, yaani kuitazama nyota inakotelezea na kusogeza mhimili. Lenga nyota iliyo juu, karibu na mstari wa kaskazini na kusini, isiyo mbali na ikweta ya anga. Ifuate dakika kadhaa kwenye kioo cha kamera ukiwa umekuza mara kumi. Ikiteleza kaskazini, mwisho wa kusini wa mhimili umeenda mashariki mno. Ikiteleza kusini, umeenda magharibi mno. Geuza skrubu ya ubavuni, rudia. Halafu hamia nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikiteleza kaskazini, mhimili uko chini, ikiteleza kusini, uko juu. Ukichanganyikiwa upande upi ni upi, na utachanganyikiwa, geuza skrubu robo mzunguko kwa kubahatisha. Mtelezo ukizidi, rudi upande wa pili. Kwa lenzi ya milimita 135 nusu saa inatosha kupata shata za dakika 2 bila aibu.

*Hazina mpangilio.* Picha moja safi, inayofuata zigizaga, nyingine nyota mbili mbili kama mapacha. Huo ni mtikisiko. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi linavuma, na Dodoma upepo hauhitaji msimu. Fupisha miguu ya stendi, usivute nguzo ya katikati, funga mkanda wa kamera usipeperuke, tumia rimoti au kipima muda badala ya kubonyeza kwa kidole. Gari likiwa karibu, egesha upande linakotokea upepo. Na usitembeetembee. Ardhi ya shamba lililolimwa inasikia kila hatua yako. Niliwahi kulaumu upepo usiku usio na upepo.

Nyota zilizofagiliwa mduara

Zile darubini ndogo za kisasa zinazoendeshwa kwa simu, kama Seestar S50, hufuata nyota kwa kupanda na kuzunguka, si kwa mhimili uliolenga ncha. Katikati nyota inabaki, ila uwanja mzima unazunguka taratibu. Picha fupi fupi za sekunde 10 huficha jambo hilo, nayo programu huzipanganisha. Gharama yake ni kingo zilizokatwa vibaya. Kwetu karibu na ikweta kuna zawadi ndogo: kitu kilicho mashariki kabisa au magharibi kabisa karibu hakizunguki hata kidogo, na kilicho kaskazini, kusini au utosini ndicho kinachosumbua. Chagua saa ya kupiga kwa kuzingatia hilo.

Katikati safi, konani mbovu

Lenzi iliyofunguliwa f/1.8 au f/2 itavuta nyota za konani, hata ya bei mbaya. Funga hadi f/2.8 au f/4, utapoteza mwanga na kupata nyota. Ukiwa na darubini yenye lenzi ya kusawazisha uwanja, pima umbali kutoka kwenye lenzi hiyo hadi kwenye sensa: nyingi zinataka milimita 55, na kosa la milimita moja au mbili linaonekana. Kona moja peke yake ikiwa mbovu, fungua kamera, futa vumbi kwenye pete ya kushikia, funga tena. Mara nyingi ni hilo tu.

Nyota nono

Alama ya infiniti kwenye lenzi ni mapambo. Lenga nyota angavu, Suheli au Rijili Kantori, kuza kioo mara kumi, zungusha pete hadi nyota iwe ndogo kabisa, ipite kidogo, irudi. Kisha bandika pete kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kwa sababu mkono wako utaigusa gizani na hutajua. Barakoa ya Bahtinov, iliyobuniwa na mpenzi wa anga wa Urusi Pavel Bahtinov mwaka 2005, huondoa ubishi wote: nyota inatoa miale mitatu, na fokasi ni sahihi pale mwale wa kati unapokaa katikati kamili ya miwili iliyokatana. Yangu nimeikata kwa wembe kwenye boksi la viatu. Haipendezi, lakini inasema kweli.

Kama picha ya kwanza ni kali na ya hamsini ni nono, una washukiwa wawili. Baridi husinyaza lenzi na fokasi inahama. Kongwa mwezi Julai joto la saa moja jioni na la saa nane usiku ni vitu viwili tofauti. Huyo anaacha nyota nono lakini anga la nyuma linabaki jeusi. Mshukiwa wa pili ni umande. Umande huzungushia nyota angavu utando wa mwanga na kuzififisha zile ndogo moja baada ya nyingine, hadi inabaki picha ya maziwa. Kuhakikisha, imulike lenzi kwa tochi kutoka ubavuni; ikiwa na umande itang'aa kama chupa iliyotoka kwenye friji.

Usiifute kwa shati. Ukifuta, utabandua rangi za kioo au utapaka mafuta, na umande utarudi baada ya dakika tano. Kinga ni mkanda wa kupasha wa USB wa volti 5 uliozungushwa nyuma kidogo ya kioo, pamoja na kofia ndefu. Kofia unaweza kuikunja kutokana na kipande cha godoro la sponji. Watu wa Tanga, Bagamoyo na Unguja wana vita vya ziada: kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, inalowa papo hapo. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa hadi ipate joto la nje, ndipo uifungue. Nyumbani ihifadhi kwenye boksi lenye vifuko vya silika, la sivyo kuvu litaota ndani ya vioo kama mizizi. Hilo halifutiki kwa kitambaa.

Anga la rangi ya chai

Picha moja ya Dar es Salaam inajaa mwanga kabla nebula haijatoa salamu. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha kwenye kamera: mlima wake ukae kama robo au theluthi kutoka kushoto. Ukigota kushoto, umepiga muda mfupi mno. Ukivuka katikati, anga limekula picha. Mjini hiyo inaweza kuwa sekunde 20, Kongwa ni dakika 2 kwa f/4 na ISO 1600. Vichujio vya mwanga wa mji vilisaidia sana enzi za taa za sodiamu za njano. Taa za LED nyeupe zinamwaga rangi zote, kichujio cha kawaida hakina pa kukata. Mgao wa umeme ulikuwa kichujio bora kuliko vyote, ingawa sisemi hivyo mbele ya majirani.

Kijijini adui ni mwingine. Kuanzia Julai hadi Oktoba mashamba na mapori yanachomwa, moshi unalala chini, na nyota zote zilizo chini ya nyuzi 30 zinageuka rangi ya chai ya rangi. Ndio msimu huo huo ambapo kitovu cha Njia Nyeupe kiko juu yetu. Basi piga juu. Nebula ya Lagoon, mwanzoni mwa Agosti saa nne usiku, iko kama nyuzi 72 juu ya upeo wa Dodoma. Mtu wa London anaiona imeegemea mapaa ya nyumba. Carina ndiyo yenye taabu, hata ikifika kilele haipiti nyuzi 37, na saa tatu usiku hufika huko Aprili, masika yakiwa yamefunika kila kitu. Mimi naiwinda katikati ya Februari saa saba usiku, kaskazi ikitulia.

Ukikuta picha mbili tatu zina wimbi la mwanga wa waridi upande mmoja, na zilizobaki ni safi, kuna mtu alipita na taa. Mzee jirani wa shemeji alinijia hivyo. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kijana, ndiye wewe unayepima madini usiku?" Nilimwonyesha Omega Centauri kwenye kioo cha kamera, nikamwambia ni nyota kama milioni 10. Akaitazama sana, akaniuliza nani amezihesabu. Picha ya 14 na ya 15 za usiku ule ziko kwenye pipa la taka, nami sijajuta.

Chenga

Chenga za kawaida zina jibu moja lisilopendwa: ongeza muda wa jumla. Ukitaka chenga zipungue nusu, unahitaji muda mara nne. Picha 10 za dakika 1 zina sura ya mtu aliyepita tu. 40 zinaanza kuonyesha kitu, 160 ndizo za kutundika ukutani. Kupandisha ISO hakuongezi mwanga wowote. Joto la sensa nalo linachangia, chenga zake huongezeka takriban maradufu kila nyuzijoto 6, kwa hiyo kioo cha nyuma kizime na upumzishe kamera sekunde kadhaa kati ya picha.

Zima pia ile kazi ya kamera ya kupunguza chenga kwenye shata ndefu. Inakula muda sawa na picha yenyewe, nusu ya usiku inakwenda. Badala yake piga mwenyewe picha za giza: funika lenzi, muda ule ule, ISO ile ile, joto lile lile, kama 20 hivi mwisho wa kazi. Kwenye kamera ya kioo cha kuchungulia, ziba na hicho kitundu; mwanga huingilia hapo.

Kuna chenga za aina nyingine ambazo picha za giza hazizimalizi: michirizi ya rangi, yote imelalia upande mmoja, kama mvua iliyopigwa na upepo. Inatokea pale uwanja unapohama kidogo kidogo kwa mwelekeo mmoja picha baada ya picha, na kila pikseli mbovu ikachora njia yake. Ukiiona, rudi kwenye kurekebisha mhimili. Kisha, kila baada ya picha nne au tano, sogeza kamera kidogo kwa makusudi, huku na huku bila mpangilio, kwa pikseli kumi au kumi na tano. Wenye kompyuta shambani huachia programu ya PHD2 au NINA ifanye hivyo. Mimi naizungusha skrubu kwa vidole. Tangu nianze, mvua imekatika.

Rangi zisizo zake

Nebula nyekundu imetoka kijivu yenye waridi kwa mbali? Kamera haijaharibika. Haidrojeni ya nebula inang'aa kwenye nanomita 656, na kichujio kilichowekwa kiwandani mbele ya sensa kinazuia sehemu kubwa ya rangi hiyo ili ngozi za watu zisitoke nyekundu. Unaweza kumpa fundi akitoe, kamera ikabaki ya anga tu, au uongeze muda. Anza na vitu visivyotegemea nyekundu: Omega Centauri, Kilimia na wingu lake la bluu, Mawingu ya Magellan.

Picha yote kijani ni kawaida kwa rundo lisiloguswa. Kila pikseli nne za sensa, mbili ni za kijani. Rekebisha rangi kwenye programu kabla hujafanya lingine lolote.

Kompyuta inapokataa

Hapa nitapita haraka. Rundo limetoka jeusi tii: halijaharibika, halijanyooshwa bado, yaani mwanga wake hafifu haujakuzwa uonekane. Kwenye Siril, programu ya kurundika picha, badilisha onyesho liwe AutoStretch uone kilichomo, lakini kumbuka hilo ni onyesho tu. Kunyoosha kwenyewe utafanya baadaye, vinginevyo utahifadhi picha nyeusi na kudhani umeibiwa. Hati za Siril, yaani maagizo yake ya kufanya kazi zote mfululizo, zinataka mafolda yaitwe *lights*, *darks*, *flats* na *biases*, herufi kwa herufi. Ukiyaita *picha zangu*, hazikuelewi. DeepSkyStacker, programu nyingine ya kurundika, ikikuambia itarundika picha moja tu kati ya 40, shusha kiwango cha kutambua nyota hadi ipate mamia kadhaa. Ikikataa bado, nyota zako ni nono au ndefu, na hakuna kitufe cha kuponya hilo: rudi juu.

Madoa ya duara kama vitumbua vilivyotoboka katikati ni vumbi. Dawa yake ni picha bapa: tandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi, elekeza kwenye anga la alfajiri au kioo cha tableti, histogramu katikati, piga 20. Kamera isizungushwe wala fokasi isiguswe kati ya nyota na picha bapa. Ukiona kila doa lina pacha wake jeupe pembeni, uligusa. Kona zikitoka nyeupe kuliko katikati, umesahau picha za sufuri, zile za shata fupi kabisa lenzi ikiwa imefunikwa.

Mistari karibu na Mshipi wa Jabari

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu ilinikosesha usingizi bure. Mwezi Januari ukilenga Jabari, unaweza kukuta vijistari vifupi vilivyonyooka, vyote vinakwenda mashariki na magharibi, vyote urefu mmoja, vimejipanga kaskazini kidogo ya Mshipi, na nyota zenyewe zikiwa duara safi. Si traka. Ni setilaiti za mawasiliano zilizosimama juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 35,786, zile zile ambazo madishi ya mtaani kwetu yanazitazama. Kamera yako inafuata nyota, zenyewe zimebaki juu ya dunia, kwa hiyo kwa shata ya sekunde 60 kila moja inachora robo ya digrii. Kutoka kwetu zinaonekana kama digrii moja kaskazini ya ikweta ya anga, na Mshipi uko hapo hapo chini yake. Rundika picha 20 au zaidi kwa njia ya sigma, inayotupa kilichojitokeza mara moja tu mahali pamoja, na zitafutika. Picha moja nimeibakiza bila kufuta, yenye setilaiti tano kwenye mstari.